Bomba la Nyuma ya Mashine

Nguo za saa moja zilianza kula saa tatu.
Uniti za Luku zikawa zinakwisha
kama vocha ya mwenye mchumba Tandahimba.
Bosi akasema mashine imezeeka, tuagize fundi Dar.
Nikamwambia, haijazeeka. Imebanwa kifua.
Hakucheka. Akaniachia bisibisi
na siku moja.

Shangani, uani kwa gesti, asubuhi,
mvua ya Januari imekaa juu ya mabati ya jikoni
na kamba zote tano za kuanikia zinadondoka maji, tupu.
Nilichomoa waya ukutani. Hilo kwanza.
Marehemu fundi Mnyachi alikuwa akisema
umeme hauna mjomba.
Kisha nikaisukuma mashine kwa nyonga, kidogo, kidogo,
ukapatikana upenyo wa mwanamke mmoja asiye na haraka.

Chujio la mlangoni nalisafisha kila mzigo,
asije mtu akanisingizia.
Lakini chujio ni bawabu tu:
wadogo hupita chini ya kwapa lake.
Miaka kumi na mmoja wanapita.

Nikalegeza mkanda wa chuma. Bomba likaachia,
likatoa harufu ya pasi iliyosahauliwa.
Ndani, usufi.
Si wa msufi. Usufi wa watu.
Nikafunga chelewa kwenye fito ya mwanzi,
nikaviringishia kipande cha kanga kuukuu,
nikaingiza, nikazungusha, nikavuta.

Wa kwanza kutoka ulikuwa mweupe: mashuka ya mwaka huu,
wageni wa semina, usiku mmoja mmoja.
Kisha kijivu. Kijivu kirefu,
miaka ile vyumba kumi na viwili vilikuwa na wageni wawili
na mmoja wao shemeji yake bosi.
Kisha, kwenye kiwiko, pale bomba linapokunja kwenda nje,
rangi ya chungwa.

Nikakaa chini sakafuni.

Mji huu ukitaja bomba, watu wazima hunyamaza kwanza.
Mimi sisemi lile. Nasema hili,
upana wa kiganja changu,
lililojaa ovaroli za wale wa gesi:
Jumamosi hadi Jumamosi, marundo,
mifukoni risiti, parafujo, peremende za mnanaa.
Moja ilikuwa ya mdogo wangu Mshamu,
dereva wa miezi kumi na moja.
Niliifua bila kuiandika daftarini.
Sasa yuko Kitangari, anapuliza salfa kwenye mikorosho
ndani ya ovaroli ile ile;
manjano imeishinda chungwa.

Nje, chini ya kifuniko, jurawa walikuwa wamejenga.
Kiota kitupu, alhamdulillahi, ganda moja tu la yai.
Walijifumia kwa usufi huo huo, chungwa juu ya kijivu,
na kilango kikakwama wazi kwa ajili yao.
Nikakisugua kutu mpaka kikajua tena kufunga.

Bi Somoe wa jikoni akaja na ndoo:
"Hayo tujazie mito."
Nikachukua donge moja, kubwa la andazi,
nikaliweka kwenye jiko tupu, nikawasha kibiriti.
Liliwaka kabla sijarudisha mkono.
Akasimama na ndoo yake.
"Kumbe tunalala ukuta mmoja na hii."

Nikarudisha bomba, mkanda, mashine, waya.
Taulo sita za majaribio.
Nikatoka mvuani, kiganja mbele ya kilango, nikangoja
kama unayemsikiliza mtoto mwenye pumu.
Kikainuka. Pumzi ya moto, yenye sabuni,
ikanikausha vidole huku mgongo unalowa.

Dakika arobaini na mbili.
Nikafungua daftari, nikaandika tarehe: bomba, limesafishwa.
Halafu chini yake, kwa kalamu hiyo hiyo:
ovaroli moja, Mshamu, haijalipwa.